Kabla ya Kumlaumu Dereva, Tupime Magurudumu

*Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika mkutano wa robo mwaka wa madereva, wakuu wa idara na watunza hazina wa majimbo. Imefupishwa kidogo.*



Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena salama, hasa ninyi madereva mliosafiri jana katika mvua. Kwenye ratiba mmeandikiwa kwamba nitazungumzia bajeti ya usafiri. Nimemwomba Katibu Mkuu ruhusa nizungumzie jambo dogo zaidi, nalo ni tairi za mbele za pikapu zetu na kile ambacho mafundi wanakiita alaimenti. Najua wapo wanaojiuliza mratibu wa miradi ana shahada ya maendeleo ya jamii, alaimenti ameijulia wapi. Nimeijulia kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo nitaanza nayo.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua tairi tano mpya za pikapu ya mradi wa maji. Ni ile Land Cruiser inayobeba mabomba na saruji, kwa hiyo tulinunua zile ngumu za 7.50R16, nne za kutembelea na moja ya akiba. Ilipofika miezi mitano, dereva akaleta ombi la tairi mbili za mbele. Nilishtuka. Nikatoka nje kuangalia nikakuta za nyuma bado zina meno mazuri, za mbele zimekwisha upande wa ndani kiasi kwamba nyaya zinakaribia kuonekana. Ndugu zangu, mnajua wazo la kwanza linalomjia mtu wa ofisini. Nikasema moyoni, huyu ameuza tairi mpya akafunga za mtumba.

Sikumwita fundi, nilichofanya ni kuandika barua ya onyo. Nilimpa nafasi ya kujieleza kwa maandishi ndani ya siku saba, kama kanuni inavyotaka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamhukumu. Yeye alijibu kwa mistari miwili tu kwamba tairi ni zile zile na kwamba aliwahi kuandika katika daftari la gari. Sikulifungua daftari hilo. Barua ikaingia kwenye faili lake, pikapu akapewa dereva mwingine, na yeye akahamishiwa kwenye gari dogo la ofisi.

Baada ya miezi miwili yule dereva wa pili akanijia kwa woga mkubwa. Alikuwa ameshaona yaliyompata mwenzake. Akaniambia, "Mratibu, naomba uje uone tairi kabla hazijaisha, usije ukasema nimeuza." Tairi za mbele zilikuwa mpya kabisa alipopokea gari, na tayari upande wa ndani ulikuwa umeanza kulika. Hapo ndipo tulipopeleka gari kwa fundi wa hospitali yetu, mzee aliyezoea magari haya tangu ujana wake.

Yule mzee hakuanza kwa kupima chochote. Aliomba kwanza zile tairi kuukuu mbili, ambazo kwa bahati zilikuwa bado stoo. Akatuonyesha ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka tairi ilipotengenezwa. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ilibidi kijana aingie chini ya gari kusoma zile zilizofungwa nyuma. Tairi kuukuu, tairi za nyuma na ile ya akiba, ambayo ilikuwa haijagusa ardhi, zote zilikuwa za aina moja, wiki moja na mwaka mmoja. Hakukuwa na tairi ya mtumba. Dereva alisema kweli.

Kisha akalala chini ya gari na kutuita tuone. Ile fimbo ndefu inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, tairodi, ilikuwa imepinda. Si sana. Mimi nisingeiona mwenyewe. Lakini fimbo ikipinda hufupika, na ikifupika magurudumu hayatazami tena pamoja. Alipopima alikuta umbali kati ya tairi kwa mbele umezidi ule wa nyuma kwa milimita 14, maana yake magurudumu yalikuwa yanatazama nje.

Nikarudi ofisini nikafungua daftari. Miezi sita nyuma, kwa mwandiko wake mzuri, dereva alikuwa ameandika: "Chini imegonga jiwe mtoni. Iangaliwe." Tarehe ile niliikumbuka. Mimi nilikuwa ndani ya gari hiyo. Tulipogonga alitaka kusimama ashuke aangalie, na mimi nikamwambia twende, kikao kinaningoja.

Barua ile ilifutwa rasmi na Katibu Mkuu, nami nilikwenda nyumbani kwake pamoja na mkuu wa idara kuomba radhi mbele ya mkewe. Alitupokea, tukanywa chai. Alichoniuliza ni kama lile gari limeshapimwa. Sasa amestaafu, na ameniruhusu niseme habari hii bila kumtaja jina.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Neno alaimenti linatisha watu wa hazina kwa sababu wanaliona kwenye ankara na hawajui wamelipia nini. Ni kuyapima na kuyarekebisha magurudumu ili yasimame na kutazama jinsi kiwanda kilivyokusudia. Kuna pembe tatu. Ya kwanza mafundi wanaiita tou, ndiyo ile ya magurudumu kutazamana ndani au kutazama nje, kama nyayo za mtu anayetembea. Ya pili ni kemba, yaani gurudumu kulalia ndani au nje ukiliangalia kutoka mbele ya gari. Ya tatu ni kasta, ambayo haionekani kwa macho kirahisi. Ni mwinamo wa ile egemeo ambayo gurudumu huzungukia ukikata kona. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe ukimaliza kona. Mkitazama gurudumu la mbele la baiskeli, uma wake umeinama, haukusimama wima. Ndiyo hiyo.

Katika hizi tatu, inayokula tairi kwa haraka kuliko zote ni tou. Nilipiga hesabu ya pikapu yetu, na watunza hazina wanaweza kunisahihisha. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha takriban sentimita 80. Kosa la milimita 14 kwa jozi ni sawa na nusu nyuzi kwa kila gurudumu. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini nusu nyuzi maana yake ni kwamba katika kila kilometa moja gari linayokwenda mbele, kila tairi inaburuzwa ubavu karibu mita 9. Mradi wetu wa mbali uko kilometa 120 kutoka ofisini. Kwenda na kurudi, tairi zile zilikuwa zinaburuzwa ubavu zaidi ya kilometa 2, zikiwa na mzigo wa saruji juu yake. Nani angeburuzwa hivyo miezi mitano asiishe? Na injini nayo inachoma dizeli kwa kazi hiyo hiyo ya kuburuza.

Ndugu madereva, tairi inasema ikiwa unajua kuisikiliza kwa kiganja. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwa upana wake, kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha. Kama upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, hiyo ni tou. Ikilika ukingo mmoja tu kwa ulaini, shuku kemba. Ikilika katikati, upepo umezidi. Kingo zote mbili, upepo ni mdogo au mzigo umezidi. Ikiwa na mabonde mabonde, angalia shokapu na balansi. Fanyeni hivyo kila Jumamosi mnapoosha gari, na muingize mkono mpaka upande wa ndani, kwa sababu huko ndiko macho hayafiki.

Hili la upande wa ndani nalisema kwa uzito. Tulikuwa watano katika Hilux ya idara, tunakwenda Dar es Salaam. Tulishuka Kitonga salama, tukapita Ruaha Mbuyuni, barabara ikanyooka, dereva akaongeza mwendo kidogo, tairi ya mbele ya kushoto ikapasuka. Mungu alitusaidia, hakukuwa na lori linalokuja, na dereva hakukanyaga breki kwa nguvu. Alishika usukani, akaachia mafuta, gari likapungua lenyewe mpaka pembeni. Tulipoitoa ile tairi, upande wa nje ulikuwa mzuri kiasi kwamba askari yeyote wa barabarani angetupitisha. Upande wa ndani zilikuwa nyaya tupu. Kama ingepasuka nusu saa kabla, kwenye zile kona za Kitonga, sidhani kama ningekuwa hapa kutoa mada.

Tukumbuke pia kwamba magari yetu hayafanani. Land Cruiser za mizigo tulizo nazo zina ekseli moja nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwa gari hilo, kinachorekebishwa kwa kawaida ni tou peke yake, kwa kulegeza klempu na kuizungusha tairodi. Kemba na kasta zimo katika ekseli yenyewe. Gereji ikikuandikia kwamba imerekebisha kemba ya Land Cruiser ya namna hii, muulize fundi kwa upole alizungusha bolti ipi. Hilux tulizo nazo ni tofauti, kila gurudumu la mbele lina mikono yake, na zipo bolti maalumu za kurekebisha kemba na kasta pia. Kwa sababu hiyo gari hilo linahitaji mashine nzuri na fundi mwenye subira, na linapotoshwa kwa urahisi zaidi na mashimo. Isitoshe, pembe zake hubadilika mzigo ukiongezeka na gari likishuka. Pikapu inayobeba pampu na mafundi wanne kila siku isipimwe ikiwa tupu kama gari la harusi. Mwambie fundi kazi yake halisi ni ipi.

Na hizi springi ngumu tunazopenda kuongeza! Najua wengi mnaona gari likinyanyuka mbele linapendeza. Katika Land Cruiser zilizoanza mwaka 1999, zenye koili springi mbele, ukiinua gari juu ekseli inazunguka kidogo na kasta inapungua. Matokeo yake usukani unakuwa mwepesi, haurudi, na gari linatangatanga barabarani kama mtu mwenye usingizi. Dereva anasema gari lina pepo. Halina pepo, lina springi zisizo zake, na linahitaji bushi maalumu za kurudisha kasta. Nawaomba wakuu wa idara msiidhinishe springi mpya kabla hamjaniuliza, nami nitamuuliza fundi.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niombe dakika hizi. Alaimenti ni kazi ya mwisho. Katika dayosisi yetu tumekuwa tukiifanya ya kwanza. Gari linavuta upande, tunalipeleka mjini, linapandishwa kwenye mashine, tunalipa, linarudi, na wiki ya pili linavuta tena. Mtunza hazina anaandika kwa wino mwekundu, "Alaimenti tena?" Na ana haki. Kupima gari lenye tairodi endi zilizolegea ni sawa na kupiga timazi kwenye ukuta wa matope mabichi. Vipimo vitakuwa sahihi juu ya mashine tu.

Kwa hiyo kwanza upepo, kwa geji na si kwa teke. Kisha inua mbele kwa jeki, weka stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi za gurudumu, au kingipini kwa Land Cruiser, au bolijointi kwa Hilux. Shika kushoto na kulia, likicheza ni tairodi endi au stelingi boksi. Angalia bushi, angalia springi za mabamba za nyuma kama kuna bamba lililovunjika au bolti ya katikati iliyokatika, maana ekseli ya nyuma ikihama gari zima linatembea kingekinge hata kama mbele ni safi. Angalia kama breki ya upande mmoja inashika; nayo huvuta gari, na alaimenti haiwezi kuiponya. Vilivyochakaa vibadilishwe. Ndipo tupime.

Tusichanganye pia alaimenti na balansi. Usukani ukitetemeka kwenye lami ukifika mwendo fulani, halafu ukatulia ukipunguza, hiyo mara nyingi ni balansi ya gurudumu au rimu iliyopinda au tope lililokauka ndani ya rimu. Osha kwanza rimu. Nimewahi kulipia balansi ya tope.

Kwa vituo vilivyo mbali na mji, hatuhitaji mashine ili kujua kama kuna tatizo. Gari liwe mahali tambarare, usukani umenyooka. Inua gurudumu la mbele, paka chaki katikati ya meno, lizungushe huku umeshikilia msumari juu ya kigogo ili uchore mstari mmoja mwembamba kuzunguka tairi. Fanya hivyo pande zote mbili. Shusha, kisha sukumeni gari mbele mita chache ili likae sawa, na msilirudishe nyuma. Pimeni umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa tairi, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, halafu upande wa nyuma, kimo kile kile. Kama injini au vyuma vinazuia futi, teremsheni alama kwa timazi mpaka chini, mpime sakafuni. Watu wa maji mnazo timazi, msiniambie hamna. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tou. Linganisheni na kitabu cha gari. Ikiwa nje ya kipimo, pigeni simu ofisini. Kazi ya kuzungusha tairodi mwachieni fundi, kwa sababu fimbo hiyo ina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, na klempu isipokazwa vizuri madhara yake hayasemeki.

Gari likipelekwa mjini, dereva asiende kunywa soda. Akae aone. Adai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, aiambatanishe na ankara. Bila karatasi hiyo hazina isilipe. Kabla ya kuondoka alijaribu barabarani, usukani ukae katikati gari likienda wima. Usukani uliokaa upande baada ya alaimenti ni dalili kwamba fundi alikuwa na haraka.

Kwa watunza hazina nina ombi. Mnajua wenzetu wa ng'ambo wanaotusaidia wanapenda kusikia habari za visima, na hakuna aliyewahi kutuandikia kuuliza habari za tairodi. Kwa hiyo matengenezo tunayaficha ndani ya mafungu mengine, na pesa ikipungua ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwaka huu nimeliweka fungu la kukagua na kupima magurudumu kwa jina lake, kila kilometa 10,000, na kila gari linapogonga kitu kwa nguvu au kubadilishiwa vyuma vya usukani, hata kama kilometa hazijafika. Tairi za mbele na nyuma zitabadilishana nafasi wakati huo huo, lakini baada ya kukaguliwa na si kabla. Ukizibadilisha bila kuzisoma umefuta ushahidi. Nimeuliza bei mjini, na tairi moja ya Land Cruiser inatosha kulipia alaimenti mara kadhaa. Msikate fungu hilo.

Tairi mpya zitakapopokelewa, stoo iandike zile tarakimu nne na namba nyingine za ubavuni katika leja, dereva atie sahihi. Hii ni kwa ajili ya kumlinda dereva. Na daftari la gari litasomwa na mimi mwenyewe kila Ijumaa mchana. Nitatia sahihi chini ya kila mstari wenye neno "iangaliwe". Mkiona wiki mbili zimepita bila sahihi yangu, mwambieni Katibu Mkuu, na hamtaulizwa kwa nini mmenisema.

Mzee wetu fundi wa hospitali amekubali kuja leo. Pikapu ya mradi wa maji iko nje chini ya mparachichi, jeki, chaki, kamba na timazi vipo. Madereva mtapima wenyewe, kila wawili kwa zamu, na wakuu wa idara nawaomba msibaki ndani na chai. Vueni makoti, kuna matope kidogo.